Land Rover Kuukuu: Itunze Kabla Haijala Bonasi Yako

Katika nyumba nyingi za wakulima wa chai, kuanzia Londiani na Kericho mpaka Litein, Sotik na Mogogosiek, utaikuta Land Rover kuukuu imesimama uani. Alfajiri hubeba maziwa, baadaye hupeleka majani ya chai kituoni, mchana huleta mbolea, na mama akishikwa na uchungu usiku wa manane, ndiyo inayoamshwa. Gari kama hili si pambo. Ni mfanyakazi wa shamba, kama vile jembe na ng'ombe, na mfanyakazi asiyetunzwa huanguka siku ile anapohitajiwa zaidi.

Mkulima, huenda wewe unalo gari la namna hii, au unafikiria kulinunua. Soma maneno haya polepole, kisha nenda uani ukalitazame gari lako.

GARI HILI NI LA NAMNA GANI

Land Rover ya kwanza ilionyeshwa kwa watu huko Amsterdam mwaka 1948. Wakati ule chuma cha bati kilikuwa adimu Uingereza kwa sababu ya vita vilivyokuwa vimekwisha, kwa hiyo watengenezaji walitumia aluminiamu kwa bodi. Zikafuata zile ziitwazo Series II mwaka 1958, Series III mwaka 1971, na ile ya 110 mwaka 1983. Jina la Defender lilianza mwaka 1990, na Defender ya mwisho ya namna ile ya zamani ilitoka kiwandani Solihull tarehe 29 Januari 2016.

Mambo mawili katika habari hiyo yanakuhusu wewe. La kwanza, gari lako ni mzee. Huenda limewapita umri watoto wako wote. La pili, bodi yake ni aluminiamu, lakini mifupa yake, yaani chesisi, ni chuma. Aluminiamu haishiki kutu kama chuma. Kwa hiyo gari laweza kung'aa juu huku chini limeoza kabisa. Jambo hili limewaponza wanunuzi wengi.

KABLA YA KUNUNUA

Bonasi ya chai mara nyingi hulipwa mwezi wa Oktoba, na wauzaji wa magari makuukuu wanajua hivyo kama wewe ujuavyo. Usiende kununua ukiwa na haraka, wala usiende peke yako. Mchukue fundi unayemwamini, asiye na udugu na muuzaji, umlipe kwa kazi yake. Fedha hiyo ndogo yaweza kukuokolea fedha nyingi.

Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Basi inama. Chukua nyundo ndogo uigonge chesisi kutoka mbele mpaka nyuma. Chuma kizima hulia kwa sauti kali; kilichooza hutoa sauti nzito kama ya debe lililojaa udongo. Gonga hasa ile boriti ya nyuma kabisa, mahali springi zinaposhikwa, na chini ya miguu ya dereva. Ukiona rangi nyeusi mpya imepakwa chini tu, jiulize inaficha nini.

Kisha fungua kifuniko cha kutilia oili ya injini. Ukiona ute mweupe, rangi ya chai ya maziwa, maji yanaingia ndani ya injini, au gari hutembea safari fupi tu bila kupata moto. Mwambie fundi atafute ni lipi kati ya hayo. Washa injini ikiwa baridi. Moshi wa buluu usiokoma maana yake ni kwamba injini inakula oili.

Mwisho, linganisha nambari ya chesisi iliyopigwa kwenye chuma na ile iliyoandikwa katika hati ya gari. Zisipolingana, shika njia uende nyumbani. Zikilingana, usilipe fedha yote mpaka umiliki uhamishwe kwa jina lako kwa taratibu za Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama Barabarani, NTSA, iliyoundwa mwaka 2012.

KAZI YA KILA ASUBUHI

Kazi hii haizidi muda wa kukamua ng'ombe mmoja. Ifanye kabla ya kuwasha injini:

1. Chomoa kijiti cha oili, kifute kwa kitambaa, kirudishe, ukichomoe tena. Oili iwe kati ya alama mbili.

2. Tazama maji ya rejeta. Usifungue kifuniko injini ikiwa moto, maana maji yataruka yakuunguze uso.

3. Tazama kikopo cha mafuta ya breki. Yakiwa yamepungua, yameenda mahali. Usijaze tu ukaondoka, tafuta yanapovujia.

4. Zunguka gari. Tazama magurudumu manne, nati zake, na ardhi chini ya gari. Doa jipya la oili ni barua, isome.

5. Kanyaga breki. Ikiwa pedeli inazama mpaka sakafuni, gari lisiondoke.

Juu ya maji ya rejeta, fahamu jambo moja. Nchi yetu ya chai iko juu sana, na Kericho kwenyewe ni kama mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Mahali palipo juu hivyo, maji yaliyo wazi huchemka kwenye digrii 93 hivi, wala hayafiki 100. Kifuniko cha rejeta ndicho kinachobana maji yasichemke mapema. Ukikipoteza ukaziba kwa kitambaa au kwa jani la mgomba, maji yatachemka mlimani na injini itaharibika. Nunua kifuniko kinachofaa. Tena, bonyeza mkanda wa feni kwa kidole gumba katikati ya urefu wake. Ukizama zaidi ya sentimita moja au mbili, umelegea.

OILI, HEWA NA MOTO

Oili ya injini ibadilishwe kila kilomita 5,000, au kila miezi sita ikiwa gari halitembei sana. Usidhani kwamba gari linaloenda kituoni na kurudi tu halichafui oili. Safari fupi za asubuhi ya baridi huichafua upesi, kwa sababu injini haipati moto wa kutosha kukausha unyevu. Ile injini ya petroli ya sentimita za ujazo 2,286, iliyomo katika Series nyingi, huchukua kidogo zaidi ya lita 6, na huongezeka ukibadilisha chujio pia. Fuata alama za kijiti.

Oili chafu usiimwage shambani wala mtoni. Maji ya Kipsonoi na Itare huishia mto Sondu na kisha Ziwa Victoria, na kabla ya kufika huko yanakunywewa na watu na ng'ombe wa majirani zako. Iweke katika mtungi uliofungwa, uipeleke gereji.

Series nyingi zina chujio la hewa lenye bakuli la oili. Vumbi la barabara zetu nyekundu hunaswa humo. Wakati wa kiangazi lifungue kila juma, na ukiona tope chini ya bakuli, osha na utie oili safi. Vumbi likiingia katika injini hufanya kazi ya msasa.

Gari la petroli likisumbua kuwaka asubuhi yenye ukungu, usikimbilie kulaumu betri. Kausha nyaya za plagi na kifuniko cha distribyuta kwa kitambaa kikavu. Kisha pima nafasi kwa fila geji: pointi ziwe milimita 0.35 hadi 0.40, na plagi milimita 0.75 hadi 0.80. Ikiwa gari lako ni la dizeli, lenye injini ya lita 2.5, 200Tdi au 300Tdi, ndani yake mna mkanda wa mpira unaoendesha vali. Ukikatika, injini huharibika papo hapo. Ukinunua gari la namna hiyo, na muuzaji hana karatasi ya kuonyesha ulibadilishwa lini, ubadilishe kabla ya kitu kingine chochote.

BREKI: HAPA HAKUNA MZAHA

Kila mtu wa upande huu anakumbuka tarehe 30 Juni 2023, pale Londiani Junction, lori lilipoacha njia na kuwaangukia watu waliokuwa kando ya barabara. Zaidi ya watu 50 walikufa. Nchi yetu ni ya miteremko, na kando ya miteremko kuna masoko, shule na vituo vya chai. Gari lisilosimama halichagui mtu.

Land Rover nyingi za Series zina dramu katika magurudumu yote manne, na nyingi zina mfereji mmoja tu wa mafuta ya breki kwa magurudumu yote. Maana yake ni hii: gurudumu moja likivuja, breki zote nne zaweza kupotea kwa mara moja. Kwa hiyo mvujo mdogo katika gurudumu moja si jambo dogo.

Usitie oili ya injini katika kikopo cha breki, hata kidogo. Oili huvimbisha mipira iliyo ndani, na baada ya siku chache mfumo wote utalazimika kubadilishwa. Usitie maji ya sabuni, ingawa utasikia watu wakisema yamewafikisha nyumbani. Tia mafuta ya breki yanayostahili tu, na uyabadilishe yote kila baada ya miaka miwili, kwa sababu hunyonya unyevu wa hewa na kuozesha silinda kwa ndani.

Lainingi za breki zinapoisha, pedeli huenda chini zaidi. Nyuma ya kila gurudumu kuna kichwa cha bolti cha kurekebishia. Gurudumu likiwa juu, kizungushe mpaka lishike, kisha kilegeze kidogo mpaka gurudumu lizunguke bila kukwama. Yarekebishe magurudumu yote sawasawa, la sivyo gari litavuta upande mmoja.

Sasa sikiliza vizuri juu ya breki ya mkono. Katika Land Rover hizi breki ya mkono haishiki magurudumu. Hushika propela, nyuma ya giaboksi. Ukiinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, gurudumu lile liko huru kuzunguka, na kwa sababu ya difu, gari laweza kubingirika ingawa breki ya mkono imevutwa. Kwa hiyo, kabla ya kuinua gari, weka mawe au magogo mbele na nyuma ya magurudumu yaliyobaki chini. Tena usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Weka gogo nene la mti mgumu chini ya ekseli. Wala usivute breki hiyo ya mkono gari likiwa mwendoni, ila umepatwa na hatari.

Unaposhuka mlima, tumia gia ileile ambayo ungepandia. Wako madereva wanaoliachia gari huru mteremkoni, gia ikiwa fri, ili kuokoa petroli. Petroli wanayookoa haijazi kikombe. Breki hupata moto, nguvu yake hupotea, na hapo hakuna la kufanya. Na ukivuka maji, kanyaga breki kidogo kidogo mwendo wa pole mpaka dramu zikauke.

MAGURUDUMU MANNE YA KUVUTA

Watu wengi wana gari la kuvuta kwa magurudumu manne na hawajui matumizi yake. Katika Series kuna kitufe cha manjano na wenzo mwekundu. Kitufe cha manjano kikibonyezwa chini, magurudumu ya mbele nayo huvuta. Wenzo mwekundu ukivutwa nyuma, gari likiwa limesimama, unapata gia nzito za kupandia matope, na magurudumu yote manne huvuta.

Tumia hayo kabla ya kuzama, si baada ya kuzama. Ukiliona tope mbele, simama, weka gia, kisha ingia polepole bila kukanyaga sana. Lakini ukirudi juu ya lami, rudisha magurudumu mawili. Series hazina difu ya katikati. Ukiendesha kwa manne juu ya lami kavu, magurudumu ya mbele na ya nyuma hushindana, na mwisho wake ni kuvunjika kwa ekseli au kuharibika kwa giaboksi. Gari la 110 na Defender ni tofauti. Hizo huvuta kwa manne daima na zina difu ya katikati. Kufuli yake ifungwe kwenye matope tu na ifunguliwe kwenye lami.

Oili ya giaboksi na ya difu zote mbili itazamwe kila mwezi. Katika Series tazama pia yale matufe ya chuma yaliyo nyuma ya magurudumu ya mbele, maana nayo yana oili ndani. Ikiwa oili imekuwa rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Mara nyingi sababu ni kitundu cha kupumulia kilicho juu ya ekseli, ambacho huzibwa na tope. Kikizibika, oili yenye moto husukumwa nje kupitia sili, na gari moto likiingia mtoni hunyonya maji. Kukizibua ni kazi ya dakika moja. Kadhalika, viungo vya propela vitiwe girisi kila mwezi, na baada ya kila safari ya maji mengi.

TOPE NA KUTU

Mvua zetu hunyesha karibu mwaka mzima, na udongo mwekundu hushika kama unga wa ugali. Tope likikaa juu ya chesisi huweka unyevu usiku na mchana, na chuma huoza chini yake. Kila Jumamosi litoe kwa mti na maji, hasa ndani ya mabawa na juu ya springi. Mashimo madogo yaliyo chini ya chesisi ni ya kutolea maji, yazibue. Gari likikauka, paka oili nzito au rangi ya kuzuia kutu katika chuma kilicho wazi, lakini angalia isiguse dramu za breki wala mipira.

Chesisi ikitoboka, usikubali kubandikwa bati jembamba juu ya kutu. Fundi akate mpaka afikie chuma kizima, kisha achomelee kipande kipya cha unene uleule. Kabla ya kuchomelea aondoe waya wa betri, na tangi la mafuta likiwa karibu aliondoe pia.

FUNDI NA SPEA

Wako mafundi hodari wa jua kali katika kila soko letu, na Land Rover ni gari wanalolijua. Hata hivyo, mwambie fundi ugonjwa uliouona, si dawa uliyoisikia kwa jirani. Sema, "Gari huvuta kushoto nikifunga breki," kisha umwache atafute. Patana bei kabla ya kazi. Omba kurudishiwa spea ya zamani, uione kwa macho yako.

Spea za kuiga ni nyingi. Kwa taa au kioo, haidhuru sana. Lakini kwa breki, stelingi na beringi za magurudumu, nunua zilizo bora hata kama bei ni ya juu. Spea iliyotumika si mbaya kila mara. Difu nzima kutoka gari lililokufa yaweza kuwa bora kuliko mpya ya kuiga. Mipira ya breki iliyotumika, usinunue kabisa.

KUBEBA CHAI

Majani mawili na chipukizi ni mali inayokufa upesi. Yakibanwa hupata moto na kuwa mekundu, na kituoni yatakataliwa. Usiketishe watu juu ya magunia ya chai. Chai hunyonya harufu, kwa hiyo usiipakie pamoja na mtungi wa petroli, oili au dawa. Sakafu ya gari ioshwe na kukauka kabla ya kupakia. Na usizidishe mzigo: ile ndefu ya 109 iliundwa kubeba kama kilo 900, nayo ilikuwa mpya wakati ule. Mzigo wa ziada huvunja springi, na mtelemkoni hushinda breki.

SHIKA DAFTARI

Mwisho, nunua daftari la shule. Upande mmoja andika kila senti iliyoingia kwa ajili ya gari, na upande wa pili kila senti iliyotoka. Tuseme mwezi huu gari limekuingizia shilingi 20,000. Petroli imechukua 11,000 na matengenezo 3,000. Zimebaki 6,000. Hizo bado si faida yote, maana magurudumu yanaisha na bima inakuja. Weka kando 3,000 kwa ajili ya hayo. Faida yako ni 3,000.

Ikiwa miezi sita mfululizo hesabu inaonyesha kwamba chai inalisha gari, na gari halilishi nyumba, uza gari hilo ukiwa bado una la kuuza, ukodi la jirani siku ya haja. Hakuna aibu katika hesabu. Aibu ni mtoto kurudishwa shuleni kwa sababu ya karo, huku giaboksi ya tatu ikifungwa.

Lakini ukilitunza, gari hilo kuukuu litakuhudumia miaka mingi bado. Mambo yote tuliyoyaeleza yanahitaji nyundo, spana chache, fila geji, pampu ya girisi, kitambaa na macho yako mwenyewe. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kesho alfajiri, kabla ya kupakia maziwa, chomoa kijiti cha oili na ukanyage breki. Anza na hayo mawili.